Nauli ya Watu Wawili

MaNgema alilipa nauli ya watu wawili, akapanda pikapu peke yake.

Zwelakhe, dereva, hakuuliza. Aliliona tawi la mkunazi mkononi mwa yule mama, miiba yake na majani yake mabichi, akavua kofia. Huku vilimani hakuna asiyelijua tawi hilo. Mtu akifia mbali, jamaa zake huenda nalo pale pale alipoangukia, wakamwita, wakamleta nyumbani. Na anayelibeba hasemi na mtu mwingine njia nzima. Akijibu hata salamu, aliyekuwa akimfuata hubaki njiani.

Shemeji yake alikuwa amekataa kufuatana naye. "Mambo haya hayachezewi," alisema. Basi MaNgema akaja mwenyewe mpaka kwenye kona ya msitu wa mikaratusi, mahali ambapo lori la magogo lilipinduka na mwanawe Bhekani akiwa juu ya mzigo. Akaliburuta tawi juu ya changarawe.

"Twendeni," alisema. "Mmekaa sana hapa kwenye baridi. Mimi ndiye mama yake Bhekani. Twendeni nyumbani."

Sasa tawi lilikuwa kando yake, kwenye benchi la nyuma ya pikapu. Mzee mmoja mwenye kuku kwapani akaanza kukaa hapo.

"Baba, hapo pana mtu," akaambiwa na mama mnene wa benchi la pili, MaBhengu.

"Mtu gani? Mbona sioni..." Mzee akaliona tawi, akanyanyuka kama aliyekalia moto. "Nisamehe, kijana," akaliambia. "Macho haya. Hata mke wangu huwa namkalia."

"Kuku wako ana akili kuliko wewe," MaBhengu akasema. "Yeye alishasogea."

Watu wakacheka kidogo, wakaacha. Pikapu ikaondoka.

MaBhengu akamwinamia MaNgema. "Pole, dada. Usinijibu, najua. Hata nyeusi hujavaa, lazima ni juzi tu. Ni gari?"

MaNgema akatazama barabara.

"Basi nitasema mimi. Afadhali wako kapumzika. Mwanangu mimi alianguka kutoka jukwaani kule Durban, akipaka rangi ukuta. Uti wa mgongo. Yu hai, analala tu. Nikadhani ni mimi peke yangu. Kumbe kila mlima hapa una wake! Mume wa jirani yangu, jiwe la mgodini. Mpwa wangu alipiga mbizi mtoni, kumbe maji ni ya magoti. Muuguzi akaniambia, mama, usidhani ni kwenu tu, dunia nzima wapo, na wengi ni vijana wa kiume. Mchana namgeuza, usiku namgeuza, asioze ubavu. Siku nyingine namwangalia nasema, Mungu, si ungemchukua tu."

Mikono yake ilikuwa na sugu za kunyanyua. MaNgema aliitazama, akaificha yake chini ya shali. Neno lilimpanda likamfika kwenye meno. Akaling'ata.

Wakafika mtoni. Mtoni lazima umwambie unayemleta, la sivyo maji yatampoteza.

"Tunavuka," MaNgema akaliambia tawi. "Msiogope. Nishikeni."

Ng'ambo ya mto njia ilikuwa ndefu na jua lilikuwa limeinama. Alihisi tawi limekuwa jepesi, jepesi mno, kana kwamba hakuna kinachofuata. Akaogopa. Akatega kitendawili kilekile alichomtegea Bhekani alipokuwa mtoto anayejifunza kusimama dede.

"Ndugu wawili, hufukuzana kutwa nzima, wala hakuna anayemshika mwenzake. Usiku hulala pamoja. Ni nani hao?"

MaBhengu alilijua jibu. Alifungua mdomo, akakumbuka si yeye aliyeulizwa, akaufumba. Kisha akatazama pembeni, akajipangusa macho kwa ncha ya kitambaa.

Kwenye lango la MaNgema, Zwelakhe alishuka akamfungulia mwenyewe. "Umefika kwenu, kijana," akaliambia tawi. "Lala salama."

MaNgema akapita uani akiliburuta. Hakuitazama nyumba ya shemeji yake. Hakuitikia salamu ya jirani uani. Akaingia hadi chumba cha nyuma, kilichokuwa kikinuka dawa ya kuchulia, akasukuma mlango kwa bega.

Bhekani alikuwa amelala chali kitandani, macho mlangoni.

"Wamekuja, mama?"

MaNgema alifunua blanketi upande wa chini, akalilaza tawi taratibu juu ya miguu ya mwanawe, isiyosogea tangu siku ya lori, akaiinamia.

"Hapa ndipo kwenu," akasema. "Ingieni."