Majibu ya Kiganjani

Kila asubuhi ukuta wa sebuleni uliwauliza watu wazima wa nyumba maswali matatu: jina lako nani, leo ni siku gani, unaishi na nani. Aliyekosea siku saba mfululizo alichukuliwa, na hakuna aliyewahi kurudi.

Mzee Kibwana alipoanza kukosea, mkewe Sikudhani alimwandikia majibu kiganjani. Kila asubuhi mzee alinyoosha mkono, akaandikiwa, akausomea ukuta. Wiki tano zilipita hivyo. Siku aliposhindwa hata kusoma, wakakimbilia hospitali.

"Ni saratani adimu ya seli za kinga, imeota ndani ya ubongo," daktari alisema. "Inakwenda mbio, mama, ila ikiwahiwa inatibika." Akafungua kumbukumbu za ukuta. "Humu amejibu sawasawa mpaka jana. Kuna dalili uliziona kabla?"

Sikudhani alipiga hesabu. Akisema kweli, watamchukua mumewe. Asiposema, watamtibu kama mgonjwa wa siku moja, na ugonjwa una wiki tano.

"Hapana, daktari."

Kando yake, Mzee Kibwana alimnyooshea daktari kiganja kilichokolea wino, akatulia, akisubiri kuandikiwa.