Sindano ya Baba

"Nimdunge dawa kiasi gani?" Baba alifoka kwenye simu kutoka kijijini Kinyangiri. Nyuma yake nilimsikia ng'ombe wetu wa pekee akihema kwa shida.

Programu ya maktaba ya chuo ilikuwa imenijibu: "Sina chanzo cha kuaminika. Mpigie daktari wa mifugo." Akili mnemba ya simu yangu ilinipa kipimo papo hapo.

"Programu yenu ina woga, madamu," nilimwambia mkutubi, Evodia.

Hakukasirika. "Hiyo yako jasiri, hebu iulize kipimo imekitoa wapi."

Niliiuliza. Ikaniomba radhi, kisha ikanipa kipimo kingine, mara mbili ya kile cha kwanza.

Niliirudisha simu sikioni.

"We kijana! Sindano ninayo mkononi!"

"Baba," nikasema, "iweke chini."