Masikio ya Mkalimani

Kabla ya mazungumzo kuanza, adui alitoa sharti moja: uji wa kibuyu uonjwe kwanza na Nuria, kisha Nuria mwenyewe ampe babake.

"Wanasema ndiyo desturi yao," Nuria alitafsiri. "Kuonyesha hauna sumu."

Sajini Fadlalla akaridhika, akanywa. Huko mpaka wa kaskazini, alikoipigania Serikali ya Mwingereza miaka kumi na minane, aliwahi kunyimwa hata maji. Sasa Serikali hiyohiyo ilikuwa imechoka kuwavamia majirani zake. Badala ya vikosi ikawa inapeleka wajumbe na majora ya kitambaa, na askari wake wazee ikawatupa Kibra wakalime. Fadlalla alinuna mwaka mzima. Halafu akaona, kama mbinu hiyo inaifaa Serikali, na yeye itamfaa.

Maana alikuwa na vita vyake. Ng'ombe wa mzee Ng'ang'a, wa ng'ambo ya mto, upande wa Kawangware, walikuwa wamemlia mahindi misimu mitatu. Mara mbili Fadlalla alivuka na wenzake wa jeshini, marungu mkononi. Mara mbili wakarudi na manundu. Na mahindi hayo ndiyo yaliyosubiriwa. Yakivunwa, Nuria angeolewa na Abdelkarim, sajini mwenzake, mtu wa heshima zake na meno manne. Nuria alilia wiki nzima, kisha akanyamaza, na babake akachukulia kwamba amekubali.

Kazi ya ukalimani ilimwangukia Nuria. Kikikuyu alijifunzia mtoni, kwenye kuteka maji, na Fadlalla hakuwahi kujiuliza ni maji gani hayo yanayotekwa tangu asubuhi hadi adhuhuri.

Siku ile ya mkutano adui alikuwa mpole kupita kiasi. Alikubali mbuzi wachinjwe na Fadlalla mwenyewe, kwa bismillahi. Mwanawe Mburu akaomba hata afundishwe maneno hayo. Fadlalla akamfundisha, huku moyoni akijisifu. Ng'ang'a akaahidi kwamba ng'ombe wake hawatavuka tena, akatoa mbuzi, asali, na blanketi la Mabrouka, mama Nuria. Fidia ya vita, Nuria akaeleza. Mabrouka alilipokea blanketi bila kumtazama mumewe.

Nyama ilipoiva, Mburu alikata bega la mbuzi kwa mkono wake. Masikio akapewa Nuria.

"Kwao mkalimani hupewa masikio," Nuria alisema, "kwa sababu kazi yake ni kusikia."

Fadlalla alicheka hadi machozi. Watu hawa hawana ubaya wowote, alimwambia Abdelkarim baadaye, ni sisi tu hatukuwahi kukaa nao tukaongea. Abdelkarim alikuwa kwenye sahani ya pili ya nyama ileile.

Mbuzi wakaendelea kuja kila mwezi, na hakuna ng'ombe aliyevuka. Mahindi yakakomaa, yakavunwa yote. Siku ya harusi ikapangwa. Mabrouka akamaliza kusuka kawa za kufunikia vyakula, nyumba ikanukia udi, na Fadlalla akaitoa sare yake sandukuni, akaisugua vifungo.

Asubuhi ya siku yenyewe, Abdelkarim akiwa bado hajafika, kundi la watu lilionekana likipanda kutoka mtoni, Ng'ang'a mbele, wanawake nyuma wakipiga vigelegele. Fadlalla alikimbilia rungu. Kisha akakumbuka mkataba, akalirudisha mahali pake na kumwita mkalimani.

Kijana wa kanzu na kofia ya kufuma alikuwa ameshafika mlangoni. Ilimchukua Fadlalla muda kutambua kwamba ni Mburu.

"Asalaam aleikum, baba mkwe," alisema Mburu, kwa Kiswahili cha kufundishwa. Fadlalla akaanza kuvihesabu upya: uji ule, blanketi la mama, mbuzi wa kila mwezi.

Nuria akatoka ndani, hina imekolea mikononi, sanduku kichwani. Safari hii hakutafsiri kitu.