Mchele wa Bi Mize

Muuguzi alimvisha Bi Mize miwani kubwa yenye kuonyesha jiko kama la kweli, apime kama akili imerudi. Wiki tatu alikuwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, na tangu azinduke hakumtambua mtu.

"Bibi, tia mchele sufuriani."

Bi Mize hakutia. Alinyoosha mikono miwili hewani, akaitikisa, akapuliza taratibu.

"Ameshindwa," muuguzi alisema, akichukua kalamu.

"Ameshindwa nini, mwanangu?" Dada wa mgonjwa, Bi Chiku, alisimama kifua mbele. "Huyo anapepeta! Mize hapiki mchele usiochaguliwa, hata huo wa kwenye miwani yako!"

Bi Mize alidonoa kitu hewani kwa vidole viwili, akakitupa pembeni. Muuguzi akasogeza mguu kukikwepa.