Chumba cha Usiku Mmoja

"Chumba chenyewe kizuri," alisema mwanamke, akiwa hata kitanda hajakigusa. "Lakini hapana."

Mzee wa mapokezi alibaki ameshika ufunguo, mdomo wazi. Chumba kilikuwa na vitanda viwili, chandarua kisicho na tundu, choo cha ndani na maji ya moto. Mtu na mtoto wa miaka sita wanataka nini zaidi? Ikulu?

"Mwenye nyumba hii ni nani?" mwanamke aliuliza alipofika mlangoni.

"Ni mimi mwenyewe, tangu mke wangu atutoke."

"Pole sana, baba." Akamshika mtoto mkono, wakatoka.

Mtoto alikuwa wa marehemu kaka yake, kwa hiyo yeye alikuwa shangazi, na shangazi mwenyewe alikuwa mgonjwa. Mgonjwa wa kweli, si wa kulalamika. Daktari alimwambia bila kuzunguka: mambo ya mtoto yapange mapema. Na ya kupanga yalikuwa nini? Hakukuwa na babu wala bibi. Alibaki mama mzazi tu, aliyeondoka mtoto akiwa hajaota hata jino, wifi ambaye shangazi hakuwahi kumtia machoni hata kwenye picha, alimjua kwa jina na kwa fununu tu. Huyo naye akimkataa, basi tena, mtoto hana mtu.

Mtoto alikuwa ameambiwa hivi: hapa mjini wanalala siku moja tu, kesho wanapanda basi jingine, halafu kwa mama. Gauni jipya alivalishwa kituoni mara tu waliposhuka, na kila baada ya hatua chache aliinama kuangalia kama bado ni safi.

Nyumba ya pili ilikuwa na bembea uani. Bembea, jamani! Mtoto alishaikalia kabla salamu hazijaisha. Shangazi hata kuonyeshwa chumba hakutaka. Alimtazama bibi mwenye nyumba, kichwa kizima mvi, akamuuliza kama kuna nyumba nyingine huku nyuma ya kituo inayopokea watu wenye watoto.

"Ipo moja, ya mama fulani na mumewe," bibi alijibu kwa kununa. "Kwani yangu ina ubaya gani?"

"Haina, mama."

Mtoto alitolewa kwenye bembea analia. Bibi aliwasindikiza kwa macho, akasonya. Kuna watu wana roho ngumu, alijisemea, na ni nani angembishia?

Nyumba ya tatu mwenyewe alitoka mbio, mwanamke wa miaka thelathini na ushee, anafuta mikono kwenye aproni.

"Karibuni, karibuni! Mrembo gani huyu? Mbona machozi? Nani kakuchokoza, nikamchape?"

Mtoto akacheka, mashavu bado yamelowa. Haikupita robo saa alikuwa ameoshwa uso, amepewa maziwa ya uvuguvugu, amekalishwa kwenye kiti kidogo cha kimo chake. Ngazi zilikuwa na kigeti ili mtoto asiporomoke. Matundu ya umeme yote yalikuwa yamezibwa. Hata beseni la kuogea watoto lilikuwepo.

"Hapa kwangu mtoto hakataliwi," alisema mwenye nyumba. "Akitaka kulia, alie. Asiyependa makelele akalale kwingine."

Shangazi alikuwa hajauachia mfuko wake tangu washuke kwenye basi. Sasa aliuweka chini.

"Na wewe unao wangapi?"

"Mimi?" Mwenye nyumba akaanza kukunja taulo lililokuwa limeshakunjwa. "Sijawahi kuzaa, dada yangu."

Mumewe alikuwa anakaza bawaba za mlango. "Mwaka wa tano huu tunamwomba Mungu," alisema. "Sijui kwa nini anamnyima mtu kama huyu. Si unaona anavyowapenda?"

Shangazi aliwatazama wote wawili, zaidi ya adabu inavyoruhusu. Kisha akasema chumba wanakichukua.

Ndipo likaletwa daftari. Wageni wenye watoto walikuwa na kurasa zao: jina la mtoto, jina la baba, jina la mama.

"Usituone wabaya," mume alimwambia. "Mwaka juzi kuna mtu alilala hapa na mtoto aliyemwiba. Mke wangu alilia siku mbili. Akaapa kwamba mtoto asiyejulikana mama yake halali tena ndani ya nyumba hii."

"Kafanya vizuri," alisema shangazi.

Aliandika taratibu, kwa herufi kubwa, ili kusiwe na kisingizio cha mwandiko mbaya. Akaligeuza daftari.

Mwenye nyumba alilipokea akitabasamu. Kidole chake kilipita mstari wa kwanza, kikapita wa pili, kikafika wa tatu, kikaganda. Alimtazama mtoto, aliyekuwa na masharubu ya maziwa. Alimtazama mumewe. Akalifunga daftari.

"Samahani, dada. Nilijisahau. Vyumba vimejaa."

"Vimejaa?" mume akageuka. "Si wameondoka wote asubuhi?"

"Nimesema vimejaa!"

Shangazi alimfuta mtoto midomo, akamwambia aseme asante. Mtoto akasema asante, mama. Mwenye nyumba alikuwa ameshawapa mgongo.

Walipofika kituoni mtoto alikuwa amesinzia begani kwa uchovu, gauni limejikunja. Mkata tiketi, mwanamume mwenye maneno mengi, alishangaa kusikia wanataka basi la jioni la kurudi walikotoka.

"Mama, si wewe uliyeniambia asubuhi mtoto unampeleka kwa mama yake?"

"Ndiyo," alisema shangazi. "Nimeshamfikisha."