Fyuzi ya Ampea Thelathini

Ilikuwa Alhamisi, saa tisa alasiri, na manyunyu yalikuwa yakianguka tangu asubuhi. Pikipiki ilikuwa imesimama kwenye banda nyuma ya nyumba, masanduku yake matatu yamekwisha kupakiwa. Baba alibonyeza kitufe cha kuwashia. Kimya. Hata taa za dashibodi hazikuwaka.

"Mpigie fundi," alisema mama.

"Nimeshampigia. Yuko njiani."

Safari ilikuwa ya kesho asubuhi: kilomita mia nane na arobaini hadi mji alikozikwa mtoto wao wa pekee. Alifia kazini huko miaka miwili iliyopita, wiki ambayo mafuriko yalikata barabara, na wenzake ndio waliomzika. Wazazi walikuwa bado hawajaliona kaburi. Basi lilikuwepo kila siku, lakini baba alikuwa amemwahidi kijana kwamba angemfikia kwa pikipiki hii, aliyoinunua alipostaafu, na hakutaka kusikia habari za basi. Mara tatu walipanga kuondoka. Mara tatu pikipiki iligoma.

Fundi alifika na begi la vifaa na mwavuli uliovunjika ubavu. Mtaani walimwita Mita, kwa sababu hakuamini kitu mpaka kipimo chake kiseme.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama. Mgonjwa wetu kalazwa tena?"

"Marahaba. Safari hii hata hapumui," alisema baba. Kisha akasema kichwa kinamgonga, akaingia ndani.

Mama alibaki kushika tochi. Hakuwa mgeni wa vyombo hivi. Kabla ya kuzaa aliendesha pikipiki ya zahanati kwa miaka tisa, akisambaza chanjo.

Mita alianza na mambo mepesi, kama kawaida yake. Swichi nyekundu ya kuzimia injini: sawa. Gia: huru. Stendi ya pembeni: imekunjwa. Petroli: tangi limejaa. Alifungua kiti, akagusisha ncha za kipimo kwenye betri.

"Kumi na mbili nukta sita. Betri nzima hii, mama. Inaweza kuoa hata leo."

Mama hakucheka. Alikuwa hajacheka kwa muda mrefu, wala hajalia. Alisogeza tochi tu pale ilipohitajika.

Mita akafungua kikasha cha fyuzi, akainama kuchungulia zaidi. Fyuzi kuu haikuwemo. Wala ile ya akiba, ambayo hukaa kando yake.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini. "Mara ya kwanza nilikuta swichi imezimwa. Mara ya pili, waya wa stendi umechomolewa. Mara ya tatu, nati ya betri imelegezwa, nati niliyoikaza mwenyewe nikaipiga alama ya rangi. Leo fyuzi. Sasa fyuzi haina miguu ya kwenda sokoni."

"Najua."

"Unajua?"

"Usimwambie mzee."

Mita alimtazama. Mkono ulioshika tochi haukutikisika hata kidogo.

"Kama ni kuogopa barabara, mama, si useme tu? Mzee wa watu anaumia."

"Nionyeshe inavyopachikwa."

Mita alisita, kama mtu aliyeombwa na mwizi amweleze kufuli linavyofunguka. Lakini huyu alikuwa mtu mzima, tena kwake. Alimwonyesha: fyuzi ya kijani, ya ampea thelathini, miguu yake inaelekezwa chini, inabonyezwa kwa kidole gumba hadi igome. Mama akauliza na mengine. Nati ya betri hukazwa kwa spana namba ngapi? Kumi. Waya wa stendi huchomekwa wapi? Hapa, nyuma ya kigingi cha mguu. Aliuliza kwa mpangilio, kama karani anayejaza fomu ya mtu mwingine.

"Unataka kunipokonya kazi, mama?"

"Niachie fyuzi mbili."

Alimwachia, shingo upande. Kisha akapaka mnyororo mafuta, akapima upepo wa matairi, akachungulia oili kwenye kidirisha chake, akamwita baba.

Baba alibonyeza kitufe. Injini iliwaka mara moja, ngurumo ikajaa bandani. Aliisikiliza kwa uso usio na habari yoyote, akaizima.

"Basi kesho tunaondoka," alisema.

"Mzee," alisema Mita, akimtupia mama jicho la pembeni, "usiiache peke yake. Ilinde wewe mwenyewe."

"Nitailinda."

Mama aliingia jikoni. Mita alifungua mwavuli wake mbovu, akaenda zake. Baba alibaki bandani kwa muda, mkono wake juu ya kiti.

Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, manyunyu yalikuwa yamekatika. Mita alifungua karakana, akaiweka simu mezani mbele yake, akisubiri kupigiwa. Mama alikuwa wa kwanza kutoka nyumbani. Alivaa jaketi lake la zamani la zahanati, akatia bisibisi na spana namba kumi mfukoni, akaingia bandani, akajifungia humo dakika nne. Kisha alifungua milango yote miwili, akatundika helmeti mbili kwenye vioo, akabonyeza kitufe, na pikipiki ikawaka. Baba, aliyekuwa ameketi kitandani akifunga viatu polepole, aliisikia ikinguruma, akatia mkono mfukoni kuhakikisha kama fyuzi aliyoichomoa usiku bado imo. Ilikuwamo.