Jiko Linalouliza Hesabu

Hesabu za jiko nazimaliza kabla sufuria haijatua. Mtaa mzima unajua, maana niliutangazia mwenyewe. Siku hizi jiko haliwaki mpaka ulitatulie swali, na ukifeli mara tatu unarudishwa kidato cha kwanza, hata uwe na ndevu kama zangu.

Leo likauliza: "Mchele gramu 600. Uwiano wa mchele kwa maji ni 2:3. Maji gramu ngapi?"

"Mia nne." Likakataa. "Elfu moja na mia mbili." Likakataa tena, jasho likanitoka.

"Mume wangu, jiko linakuogopa au unaliogopa?" akauliza bibi yangu, Mwanamtama. Akamimina maji juu ya mchele, akachovya kidole mpaka yakafika pingili ya kwanza. Alipogeukia chumvi, nikayachuja haraka, nikayapima kwenye mizani.

"Mia tisa," nikasema kwa madaha. Moto ukawaka. "Umeona, bibi? Hiki ndicho kichwa."

"Jibu ni sahihi," likasema jiko taratibu, "ila nimekiona kidole kilicholipata. Jumatatu, saa moja asubuhi, kidato cha kwanza."

"Wali ukiiva ule ushibe, mume wangu," bibi akasema, akinipima kiuno kwa macho. "Kaptula nitakushonea."